MGENI AMEKUJA, JE, MWENYEJI AMEPONA?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Peramiho, Songea. Tunaichapisha yote kwa faida ya wasomaji wetu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya wawekezaji kutoka nje, uchumi na ajira. Wanaowasifu wawekezaji tunawasikia kila jioni redioni. Wanaowalaani tunawasikia kila asubuhi kijiweni. Mimi leo naomba tufanye kazi ya tatu ambayo haina makofi mengi: tufanye hesabu. Mlalahoi asiyejua hesabu huibiwa mchana kweupe, tena huku akimshukuru mwizi kwa kumshikia mzigo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakubwa wetu wameishika sana nusu ya kwanza ya methali hiyo. Mgeni wamemwita kwa ngoma na tarumbeta. Nusu ya pili, ile ya mwenyeji kupona, wametuachia sisi tuiulize. Basi leo tunaiuliza.

TUMEAHIDIWA NINI?

Wimbo huu ulianza rasmi mwaka 1990, enzi za ruksa, Serikali ilipotunga sheria ya kukuza na kulinda vitega uchumi. Mwaka 1997 ikaja Sheria ya Uwekezaji iliyozaa Kituo cha Uwekezaji Tanzania, na mwaka 2022 ikatungwa nyingine mpya. Marais wamebadilika, wimbo haujabadilika.

Wimbo wenyewe una beti tano. Mwekezaji ataleta mtaji tusio nao. Ataleta ujuzi. Ataleta soko la nje. Atalipa kodi. Atatoa ajira. Kila ubeti unaweza kuwa kweli, na zipo nchi ambako yote matano yametokea. Lakini neno "unaweza" ni neno la kuchungwa. Mbegu nayo inaweza kuota. Inategemea imepandwa wapi, na nani analinda ndege.

Mwaka 2023 mitaji iliyoingia Tanzania kutoka nje ilizidi dola bilioni 1. Si fedha kidogo. Lakini kila mwaka vijana wanaoingia kwenye soko la ajira hapa nchini huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Sasa wewe unayesoma, tazama kijiwe chako. Muulize jirani yako wa kulia, halafu wa kushoto: mwekezaji amekuajiri? Kama wote mnajibu hapana, msikimbilie kusema fedha hizo ni za uongo. Ulizeni zimekwenda kwenye kazi ya namna gani.

TULIKWISHAWEKEZEWA ZAMANI

Watu wa Songea wasidanganywe kwamba uwekezaji ni jambo geni. Babu zetu waliuonja kabla ya sisi kuzaliwa.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka kwenye miche hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe na Morogoro, yenye mitaji ya Wazungu na baadaye Waasia. Hadi katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza mkonge, na mwaka 1964 tulizalisha kiasi cha tani 230,000. Ukitafuta ukuaji wa uchumi ulioletwa na mtaji wa nje, huo hapo.

Sasa nguvu za kukata mkonge huo zilitoka wapi? Zilitoka hapa. Zilitoka Songea, Njombe na Kigoma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori yakawa yanawasomba vijana wa Kingoni kwenda Tanga kama mizigo. Wakaitwa manamba, maana kila mtu alikuwa namba kabla ya kuwa jina. Alipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa.

Ajira ilikuwepo? Ilikuwepo, tena kwa maelfu. Lakini angalia ilijenga wapi na ilibomoa wapi. Reli, bandari na viwanda vya kusindika vilijengwa Tanga. Songea ilibaki ghala la nguvu kazi: wanawake na wazee wakashika majembe peke yao, na vijana wakarudi baada ya miaka, waliobahatika wakiwa na blanketi na baiskeli. Ujuzi waliorudi nao ulikuwa wa kukata majani ya mkonge, na Songea hapakuwa na mkonge wa kukata. Kisha dunia ikagundua kamba za nailoni, bei ikaporomoka, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji wa mkonge ulikuwa umeshuka hata chini ya sehemu ya tano ya ule wa 1964. Mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha nayo hayakupona. Kwa hiyo msidhani kwamba kumfukuza mgeni peke yake ni dawa.

Hapa jirani zetu wa Nachingwea wana kisa chao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulikuwa mtaji wa serikali, lakini ulikuja kwa majigambo yale yale. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara, bandari ya kina kirefu ikachimbwa. Mwaka 1951 mradi ukafa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Hawakuwa wameupima udongo wala mvua sawasawa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki.

Shikeni hilo la bandari kubaki, maana tutakutana nayo mbele. Kipimo cha mgeni ni kile kinachobaki siku akiondoka.

LORI LA MAKAA YA MAWE

Tuje kwenye ya leo. Kila mmoja wenu hapa anayajua malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Mbinga, yakapita njia panda yetu kuelekea Songea. Makaa hayo yanatoka Ngaka. Mwaka 2008 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Australia, wakaunda Tancoal: mgeni asilimia 70, NDC asilimia 30. Uchimbaji ukaanza 2011. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikalazimika kutazama Ruvuma. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati, makaa ya kusini yakawa yanapakiwa melini Mtwara kwenda ng'ambo. Ndiyo, katika bandari ile ile ya karanga. Leo wachimbaji ni zaidi ya mmoja, na wamo Watanzania.

Sasa tufuate shilingi ya tani moja ya makaa tuone inalala wapi.

Sehemu moja inanunua dizeli, na dizeli tunaagiza nje. Sehemu nyingine inalipia mitambo na malori, ambayo nayo yanatoka nje. Kama kampuni ilikopa, sehemu inalipa riba, na mara nyingi mkopeshaji ni kampuni mama iliyoko ng'ambo. Sehemu inalipa wataalamu. Sehemu ni mrabaha unaokwenda Hazina, Dodoma. Sehemu ni mishahara ya madereva, waendesha mitambo, walinzi na wapishi. Sehemu ni ushuru wa huduma wa halmashauri, unaokatwa kwenye mapato. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho faida, na kutoka kwenye faida ndipo linapotoka gawio.

Umeona sasa kwa nini hisa asilimia 30 inaweza isizae hata senti moja? Mwenye hisa anakula mwisho. Kama riba, ada za uongozi na manunuzi kutoka kampuni dada vimekomba sahani, mwenye hisa ananawa mikono na kuondoka. Sisemi kwamba kampuni fulani imefanya hivyo. Nasema mlango huo upo kwenye ubia wowote, na mwenyeji mwenye akili huusimamia. Ndiyo maana mrabaha, ambao hukatwa kwenye thamani ya mzigo kabla ya faida kuhesabiwa, ni rahisi kuulinda kuliko gawio.

Hapo hapo mjue tofauti ya maneno mawili ambayo wakubwa huyachanganya. Lipo pato la ndani, yaani thamani ya vyote vilivyozalishwa ndani ya mipaka yetu, bila kujali mwenye mali ni nani. Na lipo pato la taifa, ambalo humo huondolewa faida na riba zinazokwenda kwa wageni. Mgodi unapoanza, pato la ndani linaruka juu siku hiyo hiyo. Ni sawa na mtu aliyekuja kupika pilau jikoni kwako, kwa kuni zako na maji yako, kisha akaondoka na sufuria. Jirani aliyesikia harufu atasema kwako leo wamekula pilau. Watoto wako ndio wanaojua walilalia nini.

Kwa hiyo mkiambiwa uchumi umekua kwa asilimia kadhaa, msibishe kwanza. Ulizeni: umekua kwa nani?

Na barabara je? Ile lami ya Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa msaada wa watu wa Marekani kupitia mfuko wao wa Changamoto za Milenia, kwa makubaliano yaliyoanza 2008 na kumalizika 2013. Lori la makaa linaitumia, na la mahindi linaitumia. Lakini anayeikarabati ni mlipa kodi wa Tanzania, akiwemo mama anayelipia tozo ndani ya bei ya petroli. Gharama hiyo nayo iandikwe kwenye hesabu za makaa.

AJIRA ZIPO, ILA ZA NAMNA GANI?

Mwaka 2022 madini yalichangia kiasi cha asilimia 9 ya pato la ndani. Kilimo kilichangia kama robo. Lakini kilimo ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa nchi hii, na migodi mikubwa inabeba sehemu ndogo mno. Siri yake haihitaji mganga. Mgodi mkubwa ni kazi ya mashine. Mtambo mmoja wenye dereva mmoja unafanya kazi ya watu mia wenye sururu. Mwekezaji wa madini analeta mtaji mwingi na watu wachache. Ukimwuliza ajira elfu hamsini, unamwomba ng'ombe mayai.

Mashamba makubwa ni tofauti kidogo. Hapo Lipokela, ndani ya wilaya yetu hii, kampuni ya Olam ya Singapore ilianzisha shamba la kahawa la Aviv lenye karibu hekta 2,000. Kahawa inahitaji mikono. Msimu wa kuchuma mikono hiyo ni mingi sana. Msimu ukiisha, inapungua. Kwa hiyo ukisikia shamba limetoa ajira elfu kadhaa, uliza za miezi mingapi, kwa mkataba gani, na kama michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii inapelekwa. Kibarua wa miezi mitatu na fundi wa mwaka mzima huandikwa mstari mmoja kwenye taarifa, lakini hawali sahani moja.

Na ipo ajira inayokaa kwenye foleni. Kule Namtumbo, kwenye urani ya Mto Mkuju, mwaka 2011 Warusi wa Rosatom waliinunua kampuni iliyokuwa na leseni. Mwezi Machi mwaka huo huo tetemeko na mawimbi ya bahari yakaharibu kinu cha Fukushima, Japani. Bei ya urani ikaanguka duniani. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa ili kuupisha mradi, leseni ikatoka 2013, na mwaka 2017 mradi ukasimamishwa kusubiri bei. Ndipo mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa. Kijana wa Namtumbo aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2011 akasema anasubiri urani, alisubiri miaka 14. Bahari iliyochafuka Japani ilimnyima kazi mtu ambaye hajawahi hata kuiona bahari. Mali yetu ilikuwa pale pale ardhini, lakini saa ya kuichimba ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Ipo vile vile ajira isiyoandikwa kwenye kitabu cha kampuni: mama lishe wa njia panda, fundi wa kuziba pancha, mwenye nyumba ya kupanga, mwenye duka. Hii ndiyo mara nyingi huwa kubwa kuliko ile ya getini. Lakini haiji yenyewe. Kama mchele wa wafanyakazi, mayai, ovaroli na hata mboga vinaletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, kijiji kitabaki na vumbi. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, unalisha nchi. Mgodi au shamba lililo Ruvuma likinunua unga mkoa mwingine, mjue kuna mtu hajafanya kazi yake.

Tena mgeni anaweza hata kumbana mwenyeji. Wachumi wawili, Aitken na Harrison, walichunguza zaidi ya viwanda 4,000 vya Venezuela kwa miaka ya 1976 hadi 1989, wakachapisha matokeo 1999. Waligundua kwamba viwanda vidogo vilivyopata mtaji wa nje vilifanya vizuri zaidi, lakini vile vya wazawa vilivyobaki peke yao katika sekta hizo vilirudi nyuma, kwa sababu mgeni alichukua soko lao. Ukijumlisha faida na hasara, nchi ilipata kidogo sana.

MEZA YA MIKATABA

Sasa wapo watakaosema: basi tuwafukuze. Ngojeni.

Mwaka 1993 Serikali iliuza nusu ya Kampuni ya Bia kwa Wasauzi, yaani Kampuni ya Bia ya Afrika Kusini. Wengi walipiga kelele. Kabla ya hapo bia ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana. Kiwanda kikafufuka, na kampuni ikawa miongoni mwa walipa kodi wakubwa nchini. Wapo waliopunguzwa kazi, tusilifiche hilo. Lakini mgeni yule aliikuta mashine imechoka, akaifanya ifanye kazi.

Upande wa pili, mwaka 1995 nchi ilifunga mkataba wa umeme wa IPTL na wawekezaji wenye asili ya Malaysia, na kesi zake zikatuandama miaka zaidi ya 20. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa City Water. Mwaka 2005 mkataba ukavunjwa. Mwaka 2007 reli ya kati ikakabidhiwa kampuni ya RITES ya India. Mwaka 2011 Serikali ikaichukua tena ikiwa taabani.

Na madini? Sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3 na kuwaruhusu wageni kumiliki migodi asilimia 100. Mwaka 2010 mrabaha ukawa asilimia 4. Mwaka 2017 ukapanda hadi asilimia 6, na Serikali ikajipa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia. Baada ya mvutano mkubwa, Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300 na kuunda Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16. Jiulizeni: dhahabu ni ile ile, mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni nini? Kilichobadilika ni mwenyeji alivyoketi mezani. Maana yake miaka 19 tuliketi vibaya, na waliotuketisha vibaya walikuwa na majina na mishahara.

Lakini tuseme na upande wa pili wa ukweli. Baada ya sheria za 2017 wachimbaji wakubwa walisita, na mkataba mkubwa wa nikeli ya Kabanga ulitiwa saini mwaka 2021. Mlango ukibamizwa kwa hasira, hata mgeni mwema hukaa mbali. Mwenyeji hodari hufungua mlango, kisha anakaa karibu nao.

WENZETU WALIFANYAJE?

Nitatoa mifano miwili.

Penang, Malaysia, mwaka 1972 walifungua eneo la viwanda vya kuuza nje. Kampuni ya Intel ya Marekani ikaja mwaka huo huo, na kazi ya mwanzo ilikuwa ya kuunganisha vipande vidogo vya elektroniki kwa mkono, kazi ya mshahara mdogo. Wangeweza kubaki hapo. Lakini mwaka 1989 Serikali ya jimbo na makampuni yenyewe walianzisha kituo cha pamoja cha kufundisha ufundi. Karakana za wazawa zikaanza kuwatengenezea wageni vipuri, na baadaye mitambo kamili. Leo Penang inajulikana dunia nzima kwa elektroniki.

Hawassa, Ethiopia, mwaka 2016 walifungua bustani kubwa ya viwanda vya nguo. Mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, na wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi kwa wingi. Vitambaa vingi vilitoka nje. Vita ya Tigray ilipozuka, Marekani ikaiondoa Ethiopia kwenye mpango wa AGOA kuanzia Januari 2022. Baadhi ya wenye viwanda walifunga virago. Walichokuwa wamekishika nchini ni majengo waliyojengewa na upendeleo wa ushuru. Upendeleo ulipoondoka, hawakuwa na cha kuwashikilia.

Mwaka 1998 wachumi watatu, Borensztein, De Gregorio na Lee, walichapisha uchunguzi wa nchi 69 zinazoendelea. Waliona kwamba mtaji wa nje hukuza uchumi pale tu ambapo wenyeji wana kiwango fulani cha elimu cha kuupokea ujuzi. Chini ya hapo, mgeni huja na kuondoka kama mvua juu ya mwamba.

Sisi wa Peramiho hatuhitaji kwenda Malaysia kulijua hilo. Wamisionari Wabenediktini walifika hapa mwaka 1898. Hawakuja kutafuta faida, kwa hiyo siwafananishi na kampuni. Lakini tazameni walichokiacha mikononi mwa watu: useremala, uashi, uchomeleaji, uchapaji, uuguzi. Fundi wa Peramiho anajulikana nchi nzima, na ufundi wake haukatiki bei ya urani ikianguka. Manamba aliyekwenda Tanga na kijana aliyeingia karakana ya Peramiho wote walifanya kazi chini ya Mzungu. Mmoja alirudi na namba. Mwingine alibaki na ufundi.

MASWALI YA KUMWULIZA MGENI

Basi siku mwekezaji anapoletwa kijijini, ameandamana na magari ya wakubwa, vijana mwulizeni maswali matano, tena mbele ya watu.

La kwanza: ajira ni ngapi za mwaka mzima, na ngapi za msimu? Idadi iandikwe.

La pili: mnafundisha kazi gani, na mwaka wa tano nani atakuwa anaendesha mtambo huu? Kanuni za madini za 2018 zinadai Watanzania wapewe kipaumbele katika ajira, mafunzo na manunuzi. Zisomeni.

La tatu: mtanunua nini hapa hapa? Unga, mayai, mbao, usafiri, ulinzi?

La nne: halmashauri itapata ushuru wa huduma kiasi gani, na fedha za wajibu kwa jamii zimepangwa na nani? Mwenye mgodi anatakiwa kukubaliana mpango huo na halmashauri. Diwani wako asikwambie ni siri. Tangu 2015 tuna sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi inayotaka mikataba iwekwe hadharani.

La tano: mkiondoka, nini kinabaki?

Na hapa nakugeukia wewe wa mjini unayesoma. Wewe ndiye ninayekuhofia zaidi. Upo Kariakoo na mashati begani, unajiona umekwishaachana na kijiji. Lakini ardhi ya baba yako ipo Lipokela, Namtumbo au Mbinga, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mkutano mkuu wa kijiji una sauti kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa kwenda kwa mwekezaji. Mgeni hawezi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ili ardhi ya kijiji imfikie ni lazima kwanza iondolewe kwenye mikono ya kijiji. Ikishaondoka, kuirudisha ni kesi ya miaka. Siku mkutano huo ukiitishwa, watakaokuwepo ni wazee, kina mama na mwenyekiti aliyekwishakunywa soda ya wageni. Wewe uliyesoma, unayejua hesabu, utakuwa Kongo unapigana na mgambo kwa sababu ya meza ya soksi. Miaka kumi baadaye utarudi kuoa, utaikuta ardhi ina uzio, na utaomba kazi ya ulinzi kwenye shamba lililokuwa lenu.

Kwa hiyo mkutano ukitangazwa, panda basi urudi. Nauli ya kwenda Songea ni ndogo kuliko bei ya hekta moja. Kama huwezi, mpigie simu mjomba wako, msomee maswali matano, naye ayaandike. Nanyi wa hapa Peramiho, msikae kwenye geti la kampuni mkisubiri kuitwa. Karakana ziko nyuma yenu. Ingieni mkajifunze kuchomelea, umeme wa mitambo, hesabu za biashara, ili mgeni akija akute watu anaowahitaji, na akiondoka awaache watu wanaoweza kuajiriwa kwingine au kujiajiri.

Mimi simkatai mgeni. Nyumba isiyopata wageni ni nyumba yenye jina baya. Lakini mgeni wa kweli hufika kwa mwenye nyumba, akaeleza safari yake na siku atakazokaa, naye mwenye nyumba akamwonyesha pa kulala na pasipoingiliwa. Miaka mingi tumewaachia wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam wawapokee wageni wetu kwa niaba yetu, na funguo za nyumba wakawapa. Sasa tuwapokee wenyewe, kwa adabu, tukiwa na daftari mkononi.

 Nipo tayari kwa maswali.